Chumvi Kwenye Unga wa Matonge

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Ilikuwa miaka ya tisini, mvua zimekolea, na mimi nimesimama katikati ya uwanja wa kazi pale Shanwe, Mpanda, mkono kiunoni, namnyooshea kidole mwanamke mwenzangu na kumwita mwizi mbele ya watu. Wala sikuwa nabahatisha. Nilikuwa na uhakika, ushahidi nilikuwa nao, na mtego nilikuwa nimeutega mwenyewe kwa mikono hii. Kaa basi nikusimulie, maana nimesikia juzi umeanza kuchora alama kwa kalamu kwenye mfuko wa sukari nyumbani kwako.

Mimi ni Mkonongo wa Inyonga, na mama yangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Hilo ndilo lililonipatia kazi. Bwana Haruni, mfanyabiashara wa Ikola kule ziwani, alikuwa anatafuta wanawake ambao mikono yao inaujua udongo. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanataka chubwi, vile vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu, naye alikuwa amechoka kuzifuata mbali. Sasa Mpanda palikuwa na mgodi wa risasi uliofungwa zamani, mimi bado niko mgongoni kwa mama, ukaacha vilima vya marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa na kutolewa mali yake. Watu walipita hapo miaka yote wakaona takataka. Bwana Haruni akasema humo bado mna risasi, akajenga banda, tanuru la matofali, na feni ya kuzungusha kwa mkono.

Mchanga ule tuliuosha kwenye mbao zilizotandikwa magunia mpaka ukabaki unga mweusi, mzito, unaong'aa, laini kama poda ya mtoto. Na ulaini huo ndio uliokuwa tabu. Ukiutia kwenye tanuru hivyo hivyo, upepo wa feni unaupeperusha wote juu, na ule unaobaki unaziba mkaa, moto unakufa. Siku ya kwanza walipojaribu tulitoka pale tumekuwa weusi wote, meno tu ndiyo yanaonekana, na risasi hatukuiona hata ya kuziba jino. Unga wa namna ile lazima kwanza ushikanishwe, uwe kitu kimoja kigumu, ndipo moto uufanyie kazi.

Aliyetufundisha kuushikanisha ni Babu Kasapa, mzee wa Kifipa ambaye baba zake walikuwa wahunzi, wakiyeyusha chuma huko Ufipa. Yeye ndiye alikuwa fundi wa tanuru. Alituonyesha hivi: madebe matatu ya unga wa jiwe, debe moja la vumbi la mkaa, bakuli la chokaa, halafu uji mzito wa muhogo, umwagwe ungali moto. Unakanda mpaka kiganja kinatoka safi. Unafinyanga tonge la ukubwa wa ngumi. Unalianika kivulini siku tatu, juani siku moja. Tonge zuri ukiliangusha chini kutoka kiunoni halimeguki hata punje, na likiingia motoni linakaa limetulia mpaka risasi inatiririka chini. Wanawake tukacheka tukasema kumbe ni ugali tu. Babu akasema ndiyo, ila huu ugali ukiusonga vibaya hakuna atakayekula mwaka huu. (Siku hizi tunaambiwa risasi ni sumu, na ni kweli. Sisi tulijifunga kitambaa puani na kunawa, tukaona imetosha. Katika hilo usituige.)

Tulikuwa wanawake sita, na mimi ndiye niliyekabidhiwa ufunguo wa ghala. Hapo ndipo shetani alipopata nafasi. Ufunguo wenyewe mdogo tu, wa kufuli la dukani, nikauvaa shingoni kwa uzi. Kabla yake nilikuwa mtu wa kucheka na watu. Baada yake nikaanza kuchungulia. Mtu akiinama, najiuliza anaokota nini. Wawili wakinong'ona, lazima ni mimi. Mama yangu alikuwa akisema siku za mwizi ni arobaini, na mimi nikaanza kumhesabia siku mwizi ambaye hata sijui kama yupo.

Ilikuwa ile miezi ya shida, chakula cha mwaka jana kimekwisha na mahindi mapya bado mabichi. Na ghalani kwetu kulikuwa na nini? Magunia ya unga wa muhogo kutoka Kasekese, unga mweupe, mzuri, wa kulika, tunaupikia mawe. Nilimwona kila mtu anavyouangalia. Au niseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa nauangalia, nikadhani na wenzangu ni hivyo hivyo.

Kati ya wale sita alikuwepo Anastazia. Alitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi waliokuja kutoka Burundi. Leo wengi wao ni raia wenzetu, tunaoana na kuzikana, lakini wakati ule mtu wa Katumba akitoka makazini lazima awe na kibali. Kibali cha Anastazia kilisimama juu ya barua ya Bwana Haruni, iliyosema ana kazi mjini. Na mjini alikuwa na haja ya kuwepo, kwa sababu ya mama yake. Bibi yule alikuwa na kifua kikuu, anachomwa sindano hospitalini kila asubuhi, miezi miwili bila kuruka hata siku moja. Walipanga chumba kimoja si mbali na uwanja. Kazi ikipotea, barua inapotea, na kibali nacho kinapotea, na bibi anarudi Katumba na kifua chake. Haya yote niliyajua, mwanangu. Usije ukanitetea kwamba sikujua.

Anastazia ndiye alikuwa mpishi wa uji. Alfajiri nampa ufunguo, anaingia ghalani peke yake, anachota unga, anapika. Alikuwa mtu wa maneno machache, anaimba nyimbo za kanisani kwa Kirundi, polepole, kwa ndani. Mchana anatoka na kisufuria kimefunikwa, anampelekea mama yake uji. Mimi namtazama mpaka anapotelea kwenye kona. Najiuliza, uji ule umetoka wapi? Aliniambia ananunua unga wake sokoni, na wala sikuwa nimemuuliza. Nikasema moyoni, mtu asiye na hatia anajibu swali ambalo hajaulizwa? Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi likaja gunia jipya, limejaa mpaka mdomoni. Nikachukua kipande cha mkaa, nikachora mstari ndani ya gunia, pale unga unapoishia. Nikawaambia watumie lile la zamani kwanza, hili jipya lisiguswe. Kesho yake jioni nikalifungua. Unga ulikuwa umeshuka chini ya mstari vidole vinne! Vinne, nimevipima mwenyewe, nikavipima tena. Na nitakuambia kitu cha kunidharau: nilifurahi. Nilifurahi kuona kwamba nilikuwa nimefikiri sawasawa.

Sasa mwizi ninaye, bado kumshika. Nikaenda sokoni nikanunua chumvi ya ng'ombe, ile chafu ya mawe mawe wanayonunua wafugaji. Nikaitwanga. Nikaimwaga kwenye unga bakuli mbili, nikaona haitoshi, nikaongeza ya tatu, nikachanganya kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Hesabu yangu ilikuwa hii: uji wa matonge hauonjwi na mtu, unachanganywa na chokaa na mawe. Atakayejua kwamba unga una chumvi ni yule aliyeula. Nitanyamaza, nitasubiri, na mdomo wenyewe utajitaja. Nikafungua gunia lile litumike, nikakaa kimya kama paka.

Babu Kasapa siku hizo hakuwepo. Alikuwa amekwenda Sumbawanga kumzika kaka yake. Lau angekuwepo nisingekuwa na cha kukusimulia.

Siku ya tatu mvua ilinyesha asubuhi, hewa nzito, nguo hazikauki. Nilikuwa nachekecha chokaa nikamwona Anastazia ameinama kwenye mikeka ya matonge. Akalishika moja, likamegukia mkononi. Akashika la pili, vivyo hivyo. Akaja kwangu na vipande kiganjani.

"Dada, matonge yanatoa jasho," akasema. "Na angalia huu weupe juu yake. Kama chumvi."

Weee! Nilihisi damu inapanda mpaka masikioni. Chumvi! Katika watu wote sita, nani kataja chumvi? Nikatupa chekeche. Nikapaza sauti uwanja mzima ukageuka, na Bwana Haruni akatoka kwenye kibanda chake na viatu mkononi. Nikasema mwizi wa unga huyu hapa. Nikaeleza mstari wa mkaa, vidole vinne, kisufuria cha mchana, na mtego wangu. Nikasema nilitia chumvi kidogo, kiasi cha ulimi tu kujua. Kidogo, mwanangu, bakuli tatu. Nikasema na matonge yanameguka kwa sababu unga unaibiwa, uji umekuwa mwepesi, ndiyo maana.

Mmoja wetu alifungua mdomo kusema kitu. Nikamtazama, akaufunga.

"Mimi nimeona kwa macho," Anastazia akasema. "Chumvi inaonekana hapa."

"Chumvi haionekani," nikamjibu. "Chumvi inaonjwa."

Watu wakaguna. Neno liliwaingia, maana lilikuwa limepangika vizuri, na neno lililopangika vizuri lina hatari yake. Bwana Haruni hakuwa mtu mbaya, lakini kulikuwa na wavuvi wanaomsubiri na matonge yanayogeuka mchanga, na mtu akiwa na wasiwasi anataka aonyeshwe wa kulaumiwa. Akamwomba Anastazia arudishe barua. Anastazia aliitoa ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, akampa. Hakulia. Alikwenda kwenye ndoo akanawa mikono, akanawa muda mrefu sana, kisha akaondoka. Kesho yake tukasikia wamerudi Katumba, yeye na mama yake.

Nilidhani sasa nitapumzika. Nikapika uji mwenyewe, mzito, kijiko kinasimama, kwa unga ule ule wa gunia lenye chumvi, maana nisingeutupa. Nikafinyanga kwa mikono ya binti wa mfinyanzi. Baada ya siku mbili matonge yakatoa jasho. Yakatoa weupe. Yakameguka. Bwana Haruni akasema yatiwe hivyo hivyo kwenye tanuru. Ehe! Yalipasuka kama bisi, tap, tap, tap, moshi mweupe ukatoka unaowasha macho, tukakimbia nje tunakohoa, na chini ya tanuru tukakuta risasi isiyojaa kikombe.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi je? Nikasema Anastazia ametuacha na kitu. Nikachukua jembe nikachimba pale langoni, nikitafuta hirizi aliyofukia. Nilichimba mpaka kwenye goti. Nikapata kisoda cha bia. Na hata kile kisoda nilikigeuzageuza nikakichunguza, nikaona kimekaa vibaya. Nikaanza kuwachunguza na wale wanne waliobaki, nikawaza nani alikuwa rafiki yake. Wao wakaacha kunywa chai pamoja nami, na nikaihesabu hiyo kuwa dalili nyingine.

Babu Kasapa alirudi siku ya nane tangu Anastazia aondoke. Hakusalimia sana, alikuwa na msiba. Akaenda moja kwa moja kwenye mikeka, akaokota tonge, akaliangusha kutoka kiunoni, likawa unga. Akaokota jingine, akalipeleka ulimini, akatema mate pembeni.

"Nani ametia chumvi?" akauliza.

Wote wakanitazama. Nikasema ni mimi Babu, na nikaanza kueleza habari ya mwizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza chumvi ya jikoni kwangu masika inakuwaje. Nikasema inalowa. Inalowa kwa nini, nani kaimwagia maji? Nikasema hakuna, inavuta yenyewe kwenye hewa. Akasema haya, sasa umeiweka ndani ya tonge, ikavuta maji usiku na mchana, uji utashika nini? Na maji hayo yakikutana na moto unafikiri yatakaa yamelala? Hata hivyo nikashikilia la mwisho. Nikasema sawa Babu, chumvi nimekosea, lakini unga uliibiwa, nilichora mstari.

Akaniambia nilete gunia jipya. Likawekwa palepale linapokaaga siku zote, kwenye ukuta wa ghala, na nyuma ya ukuta ule ndipo kinapokaa kinu chetu cha kutwangia mkaa. Akanipa kipande cha mkaa, nikachora mstari. Akawaambia wanawake wawili watwange kama kawaida. Wakatwanga. Sisi tumekaa tunatazama gunia, sakafu inatikisika kidogo, na Babu naye akaliinua gunia akalidundisha chini mara tatu, kama wanavyolidundisha wakilisogeza. Akanambia nifungue.

Unga ulikuwa chini ya mstari vidole vitatu. Hakuna aliyeingiza mkono.

"Wewe sokoni ukipimiwa unga unamwambiaje muuzaji?" akaniuliza.

Alijua ninavyosema, Shanwe nzima inajua. Mimi ndiye yule mama asiyekubali debe mpaka litikiswe, lishindiliwe, lijazwe tena. Miaka yote nalijua hilo, kwamba unga ukitikiswa unakaa. Nililijua kwa faida yangu. Kwa faida ya Anastazia nikalisahau.

Babu Kasapa hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alisema hivi, na maneno haya nimeyatunza: "Mwanangu, mtu akishashuku, macho yake hayaoni tena, yanatafuta tu. Yule mwanamke alikuletea ugonjwa wa matonge mkononi, bado mapema, ungeweza kuyaokoa. Wewe ukamshika kwa sababu ana macho." Halafu akasema niende leo hii, nikaseme ukweli wake palepale nilipomsema uongo, mbele ya masikio yale yale.

Leo hii, alisema. Nami nikaitika ndiyo Babu. Sikwenda.

Hapa ndipo panaponiuma, kuliko hata chumvi. Kosa la kwanza nililifanya nikiwa sijui. La pili nililifanya najua. Nikasema kesho, Bwana Haruni leo amekasirika. Kesho ikawa Jumapili. Kesho kutwa mvua. Nilikuwa naogopa ufunguo utanitoka shingoni, naogopa wenzangu watanicheka, na kila siku niliyoogopa, kule Katumba kuna kifua cha mtu kinapita bila sindano. Babu hakuniambia tena. Alikuwa akinipita anasalimia, anaendelea na tanuru lake. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu, lakini mimi nilijikwaa ulimi, kisha nikakaa chini palepale nikakataa kuinuka.

Siku ya tano nikashindwa kula. Asubuhi nikasimama pale pale uwanjani, nikamwita Bwana Haruni, nikawaita wenzangu wote, nikasema. Nikasema ni bakuli tatu na si kidogo. Nikasema hakuna mwizi, hajawahi kuwepo. Bwana Haruni akanyoosha mkono, nikavua ufunguo nikampa, akarudi kibandani kwake akaandika barua mpya, akanikabidhi niipeleke mwenyewe kwa baiskeli.

Nilimkuta Anastazia nje ya nyumba anamenya muhogo. Alininyanyukia, akaniletea kigoda, akaniletea na maji ya kunywa, kama mgeni yeyote. Ndani mama yake anakohoa, nasikia. Nikamweleza yote nimetazama chini. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Ulianza kunishuku lini, dada?"

Nilitaka kusema baada ya ule mstari wa mkaa. Nikaona nimeshadanganya vya kutosha. "Tangu siku uliyofika," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa alichokijua. Akasema asante kwa kusema kweli. Akachukua barua. Wakarudi mjini wiki ile ile, kwa sababu ya sindano, nadhani bila sindano nisingemwona tena. Na hospitalini nilikwenda nao, nikabeba mkeka. Muuguzi aliangalia kadi, akahesabu siku zilizorukwa, akasema zile zilizokwisha kuchomwa hazisaidii tena, inabidi kuanza upya, sindano ya kwanza. Bibi yule alikuwa amebakiza siku tisa tu amalize. Alinyoosha mkono wake uliokonda akachomwa, wala hakunitazama. Alipona, namshukuru Mungu, ingawa alipona kwa kuteseka mara mbili.

Anastazia akapewa ufunguo. Matonge yakarudi kuwa matonge, tukafanya kazi pamoja miaka mingine minne, mpaka Bwana Haruni alipofunga. Alinisalimia kila siku. Nilipojifungua, alikuja kuniogeshea mtoto. Hakuwahi kunitupia neno, si kwa mafumbo wala kwa utani. Lakini jioni ya kwanza tu aliporudi kazini, alifika langoni, akasimama, akafungua kitenge chake alichojifunga kiunoni, akakikung'uta mara mbili mbele yetu sote, akajifunga tena, akasema haya tuonane kesho. Hakuna aliyemwambia akikung'ute. Jioni ya pili akafanya vile vile. Na ya tatu. Siku moja nikamfuata, nikamwomba kwa machozi aache, nikamwambia kila mtu anajua ukweli, kwa nini unanifanyia hivi?

"Sikufanyii wewe, dada," akasema. "Nafanya ili nilale."

Miaka minne, mwanangu, kila jioni. Na yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Sasa sikia. Kushuku si dhambi, mtu mwenye ghala lazima awe na macho. Lakini ukishuku, jiulize kwanza wewe mwenyewe umekosea wapi, kabla hujauliza mwenzako ameiba nini. Ukiona kitu kimepungua, tafuta sababu zote zisizo na mtu ndani yake, tikisa gunia, angalia ukuta, angalia panya, na mtu awe wa mwisho. Usitege mtego kwenye kitu ambacho watu wote wanakitegemea, maana mchimba shimo huingia mwenyewe, na safari hii mimi niliingia na wenzangu watano, na tanuru juu. Anayekuletea habari mbaya mapema usimshike mkono, mshike habari yake. Muogope zaidi yule ambaye huna sababu ya kumshuku isipokuwa anakotoka. Namaanisha ujiogope wewe, si yeye. Na ukigundua umemkosea mtu, nenda siku ile ile. Usingoje mvua ikatike. Msamaha utaupata hata ukichelewa, watu wana huruma kuliko tunavyostahili, ila yale mazoea ya kukung'uta kitenge hutaweza kuyaondoa kwa mtu, hata umpe ufunguo wa nchi nzima.

Ule mfuko wa sukari kaufute alama. Yule binti anayekusaidia kazi kwako ana macho, anaiona, na usiku anaiwaza. Mungu akupe nyumba ambayo anayetoka langoni hatazami nyuma. Akupe mikono ya kukanda na watu washikane. Akujalie wanao wakuletee ubaya ungali mdogo bila kukuogopa, na siku utakapokosea, kwa maana utakosea tu, akutie nguvu miguuni ufike kwa uliyemkosea kabla jua halijazama. Nenda salama, mwanangu.